Nyumba imechelewa na mkandarasi anaomba fedha zaidi: nimpe au nimwondoe?

SWALI: Nilikubaliana na mkandarasi anijengee nyumba ya vyumba vitatu, isiyo ya ghorofa, kwa muda wa miezi 10. Sasa tumo katika mwezi wa 17. Boma limefika kwenye lenta, paa bado, na nimekwisha kulipa asilimia 70 ya bei ya mkataba. Mafundi huja siku mbili, kisha hupotea wiki nzima. Nikiuliza naambiwa ni mvua, au vifaa havijafika, au kwamba mimi ndiye niliyebadilisha ramani (ni kweli, niliomba sebule ipanuliwe na choo cha ndani kiongezwe). Mkandarasi anaomba fedha nyingine ili aanze kupaua. Je, nimpe, au nimwondoe nitafute mwingine? Na kuta hizi zilizonyeshewa muda wote huu, bado zinafaa?

JIBU: Ndugu msomaji, fedha hizo usizitoe kwanza, na mkandarasi usimwondoe kwanza. Maamuzi yote mawili yanategemea jambo moja ambalo halimo katika swali lako, nalo ni thamani ya kazi iliyokwisha kufanyika. Unajua kwamba umelipa asilimia 70, lakini hujui umepata asilimia ngapi. Boma lililosimama hadi lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha) humfanya mwenye nyumba aamini kwamba sehemu kubwa ya kazi imekwisha, kwa sababu umbo la nyumba linaonekana na vyumba vinahesabika, ilhali paa, dari, plasta, sakafu, milango, madirisha, mabomba, umeme na rangi, ambavyo mara nyingi kwa pamoja hula fedha nyingi kuliko msingi na kuta, vyote bado.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kumwita mkadiriaji majenzi, yaani mtaalamu wa kupima kazi ya ujenzi na kukadiria gharama zake, asiye na uhusiano wowote na mkandarasi wako, apime kila kilichojengwa, apige hesabu kwa bei zilizomo katika mkataba, na aongeze vifaa vilivyoko kwenye eneo la ujenzi ambavyo ulikwisha kuvilipia. Mwalike mkandarasi awepo wakati wa kupima, na vipimo visainiwe na pande zote mbili. Tuseme, kwa mfano tu, kazi ikaonekana ina thamani ya asilimia 45. Hapo mkandarasi ana asilimia 25 ya fedha zako ambazo hazijageuka kuwa nyumba, na ombi lake la fedha za kupaua linapata sura nyingine kabisa. Ikionekana kwamba kazi inakaribia asilimia 70, basi mkandarasi huenda ana haki ya kusema amekwama, na mtazungumza kwa namna tofauti.

Naisisitiza hesabu hii kwa sababu mkandarasi aliyelipwa mbele ya kazi hana msukumo wa fedha wa kurudi kwako. Anakwenda kwa mteja ambaye malipo yake yanasubiri kazi iishe, na mara nyingi hiyo ndiyo siri ya mafundi wanaokuja siku mbili na kutoweka. Dalili zake unaweza kuziona mwenyewe ukifika kwenye eneo bila kutoa taarifa. Ukikuta mafundi wapo lakini hakuna saruji wala mchanga, tatizo ni fedha au ununuzi. Ukikuta vifaa vipo na mafundi hawapo, wamehamishiwa kwingine. Ukikuta mafundi na vifaa, lakini kazi imesimama, yuko mtu anayesubiriwa atoe uamuzi, na mtu huyo anaweza kuwa wewe.

Tuje kwenye sababu ulizopewa. Mvua huzuia kuchimba msingi, kumwaga zege na kupiga plasta ya nje, lakini haizuii kukata na kukunja nondo wala kutengeneza fremu za milango, tena msimu wa mvua unaojulikana na kila mtu ulipaswa kuwemo kwenye ratiba tangu mwanzo. Vifaa vikichelewa, omba uoneshwe hati ya oda yenye tarehe, kwa kuwa mara nyingi kinachochelewa ni kuagiza. Mabadiliko ya ramani, hata hivyo, ni jambo la haki kwake na nakusihi ulipokee hivyo. Kupanua sebule hurefusha lenta, huenda kukahitaji nondo kubwa zaidi, hubadilisha kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na pengine msingi wenyewe. Mpe muda wa nyongeza unaolingana na kazi hiyo, kwa maandishi. Katika nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza, mwenye nyumba aliyesababisha sehemu ya ucheleweshaji na asiyeongeza muda, au ambaye mkataba wake hautoi njia ya kuuongeza, anaweza kupoteza haki ya kudai fidia ya ucheleweshaji iliyowekwa kwenye mkataba, hata kama sehemu kubwa ya kosa ni ya mkandarasi.

Mkandarasi pia ana wajibu wake wa kuandika. Katika mikataba ya FIDIC (shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri) ya mwaka 1999, inayotumika kwenye miradi mikubwa, mkandarasi anayetaka muda wa nyongeza hutakiwa kutoa taarifa ndani ya siku 28 tangu alipojua au alipopaswa kujua tukio lililomchelewesha. Mkataba wa nyumba ya kawaida huenda usiwe na kifungu hicho, lakini hakuna kinachowazuia kukubaliana kuanzia sasa kwamba sababu isiyoandikwa ndani ya muda fulani haitahesabiwa.

Baada ya hapo, dai ratiba mpya. Usikubali tarehe moja ya mwisho peke yake. Taka kila hatua iwe na tarehe yake, na uangalie ipi inazishikilia nyingine. Ukuta wa choo kipya unaweza kuchelewa wiki mbili bila kuathiri chochote, lakini lenta isipokwisha hakuna paa, na bila paa hakuna plasta ya ndani, dari wala sakafu ya kudumu. Nguvu zote ziende huko kwanza. Papo hapo, jihadhari na ratiba inayoahidi kufidia miezi yote saba kwa haraka. Zege linahitaji kumwagiwa maji kwa angalau siku 7, na nguvu yake hupimwa kwa kawaida likiwa na siku 28. Mirunda (miti ya kushikilia kwa muda) iliyobeba lenta ya sebule pana ikiondolewa baada ya siku chache, lenta inaweza kupinda au kupasuka, na hakuna bati wala rangi itakayoponya kasoro hiyo. Plasta nayo ipakwe rangi ikiwa imekauka. Ni afadhali uhamie mwezi mmoja baadaye kuliko kulala chini ya zege lililoharakishwa.

Kuhusu kuta, kama ni za tofali za saruji au za kuchoma na zilijengwa kwa mchanganyiko wa saruji na mchanga wenye uwiano mzuri, kunyeshewa peke yake hakuziui. Kagua sehemu tatu. Pitisha msumari kwenye maungio ya tofali, hasa kozi za juu. Mchanga ukimwagika kirahisi na msumari ukazama, maungio hayo yachokonolewe na kujazwa upya. Tafuta nyufa zinazoanzia pembe za madirisha na kukimbia kimshazari. Weka alama ya penseli na tarehe mahali ufa unapoishia, kisha urudi baada ya wiki kadhaa, na ufa ukivuka alama, mwite mhandisi aangalie msingi kabla ya kuupandishia paa. Tatu ni nondo zilizoachwa wazi juu ya nguzo. Zisugue kwa brashi ya waya. Kutu nyepesi ya rangi ya chungwa haina madhara, lakini ikibanduka kwa magamba na nondo ikaonekana imepungua unene, ipimwe na mhandisi aamue. Saruji iliyokaa ghalani zaidi ya miezi mitatu hivi hupoteza nguvu. Yenye mabonge yasiyovunjika kwa vidole isitumike kabisa kwenye lenta.

Vipimo vikionesha kwamba umelipa kupita kazi, mweleze mkandarasi kwamba kupaua kutaanza kwa fedha zilizoko kwake, au kwamba utanunua mbao na bati mwenyewe moja kwa moja dukani na gharama hiyo ikatwe kwenye bei ya mkataba. Malipo yanayofuata yatoke baada ya hatua kukamilika na kukaguliwa, kwa mafungu madogo, na asilimia 5 hadi 10 ibakizwe hadi kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe. Mkandarasi mwenye nia ya kumaliza atasaini. Nimeona mara nyingi kazi iliyodhaniwa imekufa ikifufuka kwa makubaliano ya ukurasa mmoja wa aina hii.

Akikataa kupima, au akisaini na tarehe mbili za kwanza zikapita bila kazi, hapo mwondoe, lakini kwa kufuata kifungu cha kuvunja mkataba: taarifa ya maandishi inayotaja kosa, muda wa kulirekebisha, kisha taarifa ya mwisho. Mwanasheria aisome kabla hujaituma. Piga picha kila chumba, orodhesha vifaa vilivyobaki, na usimruhusu mkandarasi mpya aguse tofali hata moja kabla vipimo vya kazi ya zamani havijasainiwa, kwa sababu kazi mpya ikishaifunika ya zamani ushahidi wako umekwisha. Tegemea kwamba mkandarasi mpya atataka bei ya juu zaidi kwa kazi iliyobaki na hatakubali kudhamini kuta za mwenzake bila ripoti ya mhandisi. Kagua pia kibali chako cha ujenzi, kwani katika sehemu nyingi kibali huwa na tarehe ya mwisho, na kwa miezi 17 huenda kimekwisha au kinakaribia kwisha.