Ukiona duara jeusi majini, usingoje mkonga wa kisulisuli

Asubuhi ile tulikuwa wanne kwenye mtumbwi, kati ya visiwa vya Ukerewe na Ukara, Ziwa Victoria, tunavuta nyavu za sangara. Ziwa lilikuwa shwari. Wingu zito lilisimama upande wa kusini, lakini mvua haikuwa imedondosha hata tone. Mzee aliyeshika injini ndiye aliyeona kwanza, na kidole chake hakikuelekea juu. Alionyesha majini, kwenye doa jeusi la mviringo. Nikamwambia ni kivuli cha wingu. Akanijibu, "Kivuli hakizunguki, mwanangu."

Wengi wetu tunakosea hapo. Tunakodolea macho mawingu tukisubiri mkonga, ule mnara mwembamba wa wingu, ushuke, ilhali kisulisuli cha maji, kile ambacho jirani zetu Waluo wanakiita nyakoi, hujionyesha mapema juu ya maji. Huanza duara jeusi, ikafuata michirizi inayojizungusha, halafu maji yanarushwa pembeni kama moshi. Mkonga ukishaonekana mzima, upepo umekuwa ukizunguka pale muda mrefu. Tena mkonga wenyewe si maji yaliyofyonzwa ziwani, kama tulivyoambiwa utotoni. Sehemu kubwa ni mvuke uliogeuka wingu. Kinachopindua chombo ni upepo wa chini, na huo unaweza kuwa mpana kuliko mkonga unaouona.

Kwa nini asubuhi? Usiku nchi kavu hupoa, ziwa likabaki na joto lake. Upepo hutoka pande zote za nchi kavu, ukakutana katikati ya ziwa na kupanda juu, mawingu yakajaa. Saa hizo ndizo tunazovuta nyavu.

Siku ile nilichelewa, na nasema wazi kwamba kosa lilikuwa langu. Nyavu zilikuwa za tajiri, zimebaki kama nusu majini, nikaona aibu kurudi mwaloni, pale vyombo vinapotia pwani, bila kitu. Tukaendelea kuvuta. Mzee alisimamisha injini, akatazama kile kisulisuli kikiwa juu ya omo, yaani mbele ya chombo. Hakikwenda kushoto wala kulia, kilizidi kunenepa tu. Ukiona hivyo, kinakujia wewe. Kingekuwa kinapita upande, ungekiona kinahama kutoka kwenye omo. Hakusubiri ruhusa yangu. Alikata kamba kwa panga, akawasha injini, akakimbia kwa kukikingama, pembe mraba na njia yake. Nilitaka tukimbie moja kwa moja kuelekea nyumbani, na nyumbani kulikuwa mbele ya njia yake. Usishindane nacho mbio, toka njiani.

Kilitupita kwa nyuma, mbali kiasi cha viwanja viwili vya mpira, na bado upepo wake ulitujaza maji mtumbwini hadi vifundoni. Baada ya dakika chache kikakonda, kikakatika. Vingi havidumu zaidi ya dakika ishirini, kwa hiyo hizo ndizo dakika za kuvumilia.

Tangu hapo, kwangu panga linakaa karibu na mshika injini, halifichwi chini ya nyavu. Madumu matupu yamefungwa kwa kamba ndani ya chombo. Maboya yanavaliwa tangu tunapotoka mwaloni, maana upepo ule haukupi nafasi ya kufunga mikanda. Mwenye tanga alishushe mara tu anapoona duara, akalikunje na kulifunga. Wote wakae chini kabisa, katikati, asisimame mtu kupiga picha kwa simu. Na ikiwa wingu lina radi, hata baada ya mkonga kukatika nenda pwani, usirudi kutafuta nyavu.

Kuna wanaogonga masufuria kukifukuza. Sitamcheka mtu anayeogopa, ila mikono hiyo naihitaji kwenye kata ya kukumba maji.

Tajiri alikasirika kuhusu nyavu. Tulizilipa kidogo kidogo kwa miezi mitano, wanne wote, na mzee alilipa sehemu yake sawa na sisi ingawa ndiye aliyetuokoa. Hilo bado linaniuma. Wewe mwenye chombo unayesoma hapa, waambie vijana wako leo, kabla hawajashuka mwaloni, kwamba siku wakikata nyavu kwa sababu ya kisulisuli hutawadai.