Maswali Yenu: Minazi ya Plastiki, Radi ya Kutengenezwa na Vikombe Vyenye Sura

Makala yangu kuhusu baa za Beachcomber, zile za mianzi na minazi bandia zilizokuwa ndani ya kambi za likizo za Butlin's huko Uingereza, imeleta barua nyingi. Najibu chache. Zilizouliza mambo niliyokwisha kuyaeleza nimeziweka kando, isipokuwa moja.

Shikamoo Mzee. Nimepata kikombe cha zamani chenye sura ya mungu wa Kihawaii, nimeambiwa kilitoka Butlin's. Kina thamani gani? (Leicester)

Marahaba. Hii ndiyo hiyo moja. Picha hukuleta, kitako hukukigeuza, kama kina ufa hukusema. Mimi sipigi ramli. Tafuta jina la baa au alama ya kiwanda chini yake. Kama hakuna chochote, kinaweza kuwa kimetoka duka lolote la zawadi za pwani, na aliyekuuzia amekuongezea hadithi ili aongeze bei. Usikisugue kwa sabuni kali, na usikinywee: rangi za vyombo vya zamani huweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu.

Halafu usikimbilie kumwita mungu wa Kihawaii. Tiki, jina wanaloviita vikombe na baa za namna hii, ni neno la Wamaori wa New Zealand na la visiwa vya Marquesas. Sura nyingi za vikombe hivi hazina kisiwa hata kimoja. Zilichorwa na mtu aliyekaa ofisini.

Kwa nini Waingereza walijenga Pasifiki ndani ya jengo wakati bahari yao iko nje ya mlango? (Muscat)

Umeshawahi kuiona bahari hiyo, ndugu? Skegness, mji wa pwani huko Uingereza, mwezi wa saba unaweza kuvaa koti.

Chanzo cha yote ni mvua. Kabla ya kambi, mfanyakazi wa kiwandani alipanga chumba kwa mama mwenye nyumba, naye akimaliza kumpa kifungua kinywa alimtaka atoke mpaka jioni. Kukinyesha, familia nzima ilizurura ufukweni imelowa. Billy Butlin aliliona hilo akafungua kambi ya Skegness mwaka 1936: vyumba vidogo, milo mitatu, michezo, na kumbi kubwa za kukimbilia wingu likija. Sheria ya likizo yenye malipo ikafuata mwaka 1938, na tangazo la Butlin likawa likizo ya wiki moja kwa mshahara wa wiki moja. Baada ya vita kambi zikaongezeka, Filey, Ayr, Pwllheli, kisha Bognor Regis mwaka 1960 na Minehead mwaka 1962.

Sasa ikaja Hispania. Ndege za bei nafuu zilianza kumpeleka mtu yuleyule kwenye jua la kweli, na kambi ilihitaji jibu. Jibu likawa paa la nyasi ndani ya paa la bati, maporomoko ya maji ya pampu, na kila baada ya muda taa zinafifia, radi inapiga, umeme unamulika, mvua inanyesha nyuma ya kaunta, nawe umekaa mkavu na bia yako. Mvua iliyowaharibia likizo ikageuzwa burudani! Serikali nayo ilisaidia bila kukusudia: kuanzia 1966 hadi 1970 Mwingereza hakuruhusiwa kutoka na zaidi ya pauni 50 za matumizi ya safari nje ya nchi.

Mtindo wenyewe haukutoka Tahiti, ulitoka California. Ernest Gantt alifungua baa ya Don the Beachcomber huko Hollywood miaka ya 1930, Victor Bergeron akamfuata na yake, Trader Vic's. Kwa hiyo kambini mliona nakala ya nakala. Nawaambia hivi wale wanaoniandikia kwamba ilikuwa "utamaduni wa Kipolinesia". Haikuwa, wala hakuna aliyedanganywa. Fundi wa nguo kutoka Lancashire alijua fika kwamba mnazi ule ni wa plastiki.

Ni kweli Butlin alizaliwa Afrika? (Nairobi)

Ndiyo, Cape Town, mwaka 1899. Msianze kumdai. Aliondoka mdogo.

Wazazi wakiwa baa, watoto walikuwa wapi? (Dar es Salaam)

Wamelala. Wauguzi walizunguka vyumbani usiku wakisikiliza, na mtoto akilia namba ya chumba ilitangazwa ukumbini mama yake aione. Mtindo huo leo ungekupeleka mahakamani.

Rangi za kwenye postikadi za zamani ni za kweli? Nyekundu yake inaumiza macho. (Zanzibar)

Swali zuri, hatimaye. Postikadi zinazojulikana zaidi ni za kampuni ya John Hinde, ambayo ilipeleka kambini wapiga picha watatu, Elmar Ludwig, Edmund Nägele na David Noble. Walipanga taa kubwa, wakawapanga wageni kama waigizaji, na kampuni ikaongeza rangi wakati wa kuchapa. Watu ni wa kweli na nguo ni zao, ila wameambiwa wakae pale na watazame kule. Msizitumie kukarabati rangi ya ukuta. Mnaozikata mziweke kwenye fremu mnatupa maandishi ya nyuma, ambayo ndiyo yanayotaja kambi.

Wapi naweza kuiona baa moja kama hizo leo? (Birmingham)

Ukitafuta ya enzi zile, umechelewa. Filey na Clacton zilifungwa mwaka 1983. Skegness, Minehead na Bognor Regis bado zinafanya kazi lakini zimejengwa upya mno. Trader Vic's ya London, iliyofunguliwa chini ya hoteli mwaka 1963, nayo ilifungwa mwaka 2022. Kambi ya Mosney huko Ireland, iliyokuwa ya Butlin's, inawahifadhi waomba hifadhi tangu mwaka 2000, wakiwemo Waafrika, kwa hiyo usiende kupiga picha dirishani kwa watu.

Nataka kujenga baa ya tiki kwenye gereji yangu, niagize makuti halisi kutoka Mombasa. Ushauri? (Reading)

Makuti ndani ya gereji, juu ya taa na mishumaa, karibu na rumu? Kaka, usifanye hivyo. Makuti yetu yanakaa vizuri juu ya banda lililo wazi, ambalo kila mtu anatoka kwa hatua mbili, na hata hapo hoteli za Pwani zimeungua. Ukilazimisha, tumia yaliyotiwa dawa ya kuzuia moto, yenye cheti, na uwe na milango miwili isiyofungwa kwa kufuli.

Kasome habari za Summerland, jumba la burudani la Douglas, Kisiwa cha Man. Nalo liliahidi joto la pwani ndani ya ukuta wa plastiki. Tarehe 2 Agosti 1973 liliwaka, wakafa watu 50. Baadhi ya milango ya dharura ilikuwa imefungwa, na wazazi walikimbia kinyume na umati wakitafuta watoto wao.

Mai Tai ya asili ya Tahiti inawekwa nanasi kiasi gani? (Mombasa)

Si ya Tahiti, Bergeron wa Trader Vic's alidai kuubuni mchanganyiko huo wa pombe Oakland, California, mwaka 1944. Rumu, ndimu, kileo cha machungwa, sharubati ya lozi. Nanasi halimo.