Kwa mafundi wapya wa hita za maji: msiizibe valvu ya usalama

Kipupwe kimeingia, wageni wa gesti wanataka maji ya moto, na nyinyi vijana mmeanza kuitwa huku na huku: Mji Mkongwe, Nungwi, Paje, Jambiani. Makosa ni yale yale ya mwaka jana. Tunakupendeni, ndiyo maana tunayasema tena.

1. Maji kwanza, umeme baadaye. Ukiambiwa hita haipashi, usikimbilie kifuniko cha elementi, kile chuma kinachopasha maji. Funga getivalvu, ile koki ya maji yanayoingia kwenye hita, kisha fungua mfereji wa moto peke yake. Yakiendelea kutoka, hayo ni maji ya baridi yanayovuka kwenye mikisa ya shawa, pale moto na baridi vinapochanganyika. Mabomba ya gesti nyingi yameungwa hivyo: baridi inasukumwa na pampu kwa shinikizo la baa 2 au 3, hita inalishwa na simtanki la juu ya paa, na kimo cha mita 3 ni baa 0.3 tu. Baridi inausukuma moto urudi nyuma, mgeni anaoga maji ya baridi huku hita inachemka. Lisha pande zote mbili kutoka chanzo kimoja. Elementi nzima ngapi zimetupwa kwa jambo hili, na mwenye gesti akalipa mara mbili!

2. Maji yakiwa sawa, zima breka, thibitisha kwa testa kwamba umeme haupo, chomoa waya za elementi, pima ukinzani wake kwa mita. Ya wati 2000 kwa volti 230 isome omu 26 hivi. Ya wati 1500, omu 35. Isiposoma kitu, imekatika. Kisha pima kati ya ncha na mwili wa tangi: hapo isisome kitu kabisa. Ikisoma, umeme unavuja kwenye maji anayooga mtu. Breka ya mvujo ya miliampia 30, ile inayokata umeme unapovuja, ikiruka, msiiondoe ili kazi iishe. Kwenye ardhi ya maweni nondo ya athi, ya kupeleka umeme ardhini, haizami vizuri, kwa hiyo breka hiyo ndiyo kinga ya mwenye nyumba.

3. Valvu ya usalama. Hapa tunaomba mtulie msome.

Ni ile ndogo ya shaba yenye mshale, inafungwa kwenye mdomo wa maji baridi, imepigwa muhuri 0.8 MPa, yaani baa 8. Inafanya kazi mbili: inazuia maji kurudi, na inafungua shinikizo likizidi. Mwenye nyumba analalamika kwamba inadondosha maji ukutani, na kijana anaiziba kwa plagi na tepu nyeupe. Tumezikuta nyingi mno.

Kudondosha wakati hita inapasha ni kawaida. Maji yakitoka nyuzi 25 hadi 65 yanavimba karibu asilimia 2. Kwenye tangi la lita 50 ni kama mililita 800, na njia ya kurudi imefungwa na valvu yenyewe. Lazima yatoke pale. Ukiiziba, tangi linavutwa kila siku mpaka maungio yapasuke. Hilo ndilo dogo. Kubwa ni siku themostati, kidhibiti cha joto, itakapogandana na kitufe cha joto la juu kishindwe kukata: maji yanapita nyuzi 100 bila kuchemka kwa sababu yamebanwa, tangi likipasuka sehemu yake inageuka mvuke mara moja, na mvuke unahitaji nafasi zaidi ya mara 1,600. Ukuta wa bafu hauhimili, seuze mtu aliye ndani.

Basi fanyeni hivi. Fungia kipande cha mpira kwenye tundu la kudondoshea, kiteremke hadi kwenye mtaro, mwisho wake uwe wazi. Getivalvu ikae kabla ya valvu ya usalama, kamwe isikae kati yake na tangi. Inua kijiti chake kila mwezi, maji yatoe mchanga na chokaa. Ikidondosha mchana kutwa na hita imezimwa, weka geji ya shinikizo: likiwa zaidi ya baa 5, weka valvu ya kulipunguza hadi baa 3; likiwa la kawaida, kiti chake kimechafuka, nunua nyingine. Bei yake ni ndogo kuliko elementi.

4. Kitufe chekundu cha themostati, kile cha joto la juu, kikiruka, kibonyeze mara moja tu. Kikirudia, badilisha themostati au ondoa chokaa.

5. Visima vyetu vya Unguja vinatoka kwenye mawe ya chokaa. Weka nyuzi 60: juu ya hapo chokaa inaganda upesi, chini sana bakteria wanapata makazi. Loweka elementi kwenye siki, si asidi ya vyoo. Anodi ya magnesi, fimbo inayoliwa na kutu badala ya tangi, ikaguliwe kila mwaka, na pwani kwenye maji ya chumvi kila miezi sita; ikibaki waya mtupu, tangi lenyewe ndilo linalofuata kuliwa. Ukifungua, gasketi mpya.

6. Hita za jua za mirija ya vioo: kiangalie kitako cha kila mrija. Kikiwa cha rangi ya fedha, mrija ni mzima. Kikiwa cheupe, hewa imeingia, badilisha huo peke yake. Tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, elekeza kaskazini, msifuate karatasi za Ulaya zinazosema kusini. Msijaze mirija mikavu saa sita mchana, vioo vitapasuka. Jazeni alfajiri, au ifunikeni kwa turubai tangu jana yake.