Kitufe cha sinki na kazi ya DJ wa tekno

Ndugu, umeuliza kama DJ anayebonyeza sinki ("sync" kwa Kiingereza) na kuiachia kompyuta ilinganishe mapigo ya nyimbo mbili bado ni DJ. Kwangu mimi ni DJ, ila namhukumu kwa anachofanya na ile mikono iliyobaki huru.

Tekno yenyewe, muziki wa dansi wa kielektroniki, ilizaliwa ndani ya mashine. Roland TR-909, mashine ya kutoa milio ya ngoma, ilitoka 1983, sokoni haikufua dafu, ikaishia kuuzwa bei ya mtumba, na vijana wa Detroit, Marekani, wakatoa humo mlio ambao waliobuni mashine hiyo hawakuutarajia kabisa. Hata kile kidude cha kutelezesha kwenye Technics SL-1200MK2, mashine ya kuchezea santuri ya 1979, kinachopandisha au kushusha kasi ya santuri kwa asilimia 8, kilikuwa teknolojia mpya wakati wake. Leo watu wanakiita "ufundi halisi"!

Mtazame Jeff Mills, DJ wa tekno kutoka Detroit: santuri tatu zinazunguka kwa pamoja, na pembeni TR-909 anaipiga papo hapo kwa vidole, kama mpiga ngoma kabisa. Kulinganisha kasi ni hatua ya kwanza tu. Kujua lini uitoe besi hadi ukumbi mzima ushike pumzi, na lini uirudishe, hilo linatoka kwenye sikio lako.

Kama ndiyo unaanza, zima sinki miezi michache sikio lizoee. Baadaye iwashe bila aibu, na muda uliookoa uutumie kwenye ikwalaiza, vile vitufe vya kupunguza na kuongeza besi na sauti nyingine.