Jua kwanza prosesa inalemewa wapi, ndipo uongeze ukubwa wa pakiti

Kila ninapotaja BIG TCP, yaani kuruhusu pakiti (fungu la data) ya hadi baiti 185,000, mbele ya vijana tunaofanya nao kazi za seva hapa Nairobi, swali huwa lilelile: swichi gani itaupokea mzigo huo? Hakuna swichi itakayouona. Waya unaendelea kubeba fremu (vipande vya data vinavyopita kwenye waya) za baiti 1,500, au 9,000 kama mmeruhusu fremu kubwa. Ukubwa ninaousema ni wa ndani ya mashine: pakiti ambayo kerneli, kiini cha mfumo wa Linux, inaishughulikia kabla kadi ya mtandao haijaikatakata ili itumwe, au baada ya vipande vilivyopokewa kuunganishwa.

Piga hesabu uone. Kiungo cha gigabiti 100 kwa sekunde kikijaa fremu za 1,500, kinapitisha takriban pakiti milioni 8 kila sekunde. Kila moja ikipita peke yake kwenye faiwoli, jedwali la njia na foleni, kiini kimoja cha prosesa hakitaweza. Zikifungwa pamoja hadi kilobaiti 64, zinabaki kama 190,000. Kwa baiti 185,000, hazifiki 70,000.

Kikomo cha kilobaiti 64 kilidumu kwa sababu ya heda yenyewe, yaani maelezo yanayotangulia data kwenye pakiti. Nafasi ya urefu kwenye IPv4, toleo la zamani la itifaki ya intaneti, ni biti 16, kwa hiyo haiandiki namba inayopita 65,535. IPv6, toleo jipya zaidi, nayo imepewa biti 16, ila RFC 2675, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1999, iliiongezea heda ya pakiti kubwa kupita kiasi. Eric Dumazet na Coco Li wa Google waliitumia heda hiyo kujenga BIG TCP, iliyoingia Linux 5.19 mwaka 2022. IPv4 ilifuata kwenye 6.3 mwaka 2023, kazi ya Xin Long: urefu kwenye heda unaandikwa sifuri, na kerneli inafuata urefu iliojiwekea kwenye kumbukumbu zake.

Je, unaihitaji? Kama wateja wako wako Kasarani na Kisumu na wanakufikia kwa intaneti ya kawaida, jibu langu ni hapana, shughulikia mambo mengine. Faida yake iko kati ya mashine zilizo karibu zinazorushiana data nyingi mno. Kwenye chumba kimoja cha seva kando ya Mombasa Road tulikuwa tukihamisha nakala za hifadhidata kati ya mashine mbili zenye kadi za gigabiti 100. Diski hazikuwa zimebanwa, kiungo hakikujaa, lakini kwenye mpstat, amri inayoonyesha matumizi ya prosesa, safu ya %soft (muda ambao kerneli inatumia kwa kazi kama kushughulikia pakiti) ya kiini kimoja ilikuwa imeganda karibu na 100. Ukiona hivyo, hapo ndipo pa kugusa. Usipoona hivyo, kuongeza ukubwa hakutakupa chochote.

Anza na `ip -d link show eth0`, utafute tso_max_size, ukubwa wa juu wa pakiti ambao kadi inaweza kukatakata (eth0 ni jina la kadi, weka la kwako). Ikiwa ni 65536, draiva yako, programu inayoendesha kadi, haiko tayari, ishia hapo. Ikiwa ni kubwa zaidi, andika `ip link set dev eth0 gso_max_size 185000 gro_max_size 185000`. Gso ni upande wa kutuma, gro ni wa kupokea. Hiyo ni ya IPv6. IPv4 ina vipimo vyake, gso_ipv4_max_size na gro_ipv4_max_size, na watu wengi huvisahau kisha wakalalamika kwamba hakuna kilichobadilika. Wenye kontena wakague pia kila kiolesura cha veth (kadi ya mtandao ya kuigiza inayounganisha kontena na mashine), maana kila kimoja kina kikomo chake.

Kuna kikwazo kingine kisichoonekana kwenye amri hizo. Kerneli huruhusu pakiti moja kushika vipande 17 vya kumbukumbu, isipokuwa imejengwa upya na MAX_SKB_FRAGS kubwa zaidi, hadi 45. Kila kipande kikiwa ukurasa mmoja wa baiti 4,096, vipande 17 havifiki hata 70,000, na upande wa kupokea ndio huumia zaidi.

Unapopima, angalia prosesa inatumika kiasi gani kwa kila gigabiti, kasi peke yake haitoshi. Na usishtuke ukiona tcpdump, programu ya kunasa pakiti, inaonyesha pakiti kubwa kuliko MTU, ukubwa wa juu unaoruhusiwa kwenye waya: kwa zinazotoka, inazinasa kabla kadi haijazikata. Tcpdump ya zamani inaweza kukwama kwenye urefu ule wa sifuri wa IPv4, kwa hiyo iboreshe kabla ya kuanza kupima.