Panga linapozunguka juu ya gridi, maji hupotelea wapi?

SWALI: Mhandisi, pokea salamu. Ninaiga kwa kompyuta mzunguko wa panga la turbaini ndogo tunayotaka kuiweka kwenye mto karibu na Mbale. Gridi yangu, yaani mtandao wa visanduku (seli) ambamo kompyuta huhesabu mwendo wa maji, ni ya miraba isiyosogea, nalo panga linapita juu yake. Nguvu inayolikabili panga inarukaruka, na nilipopunguza hatua ya muda, yaani kipindi kati ya hesabu moja na inayofuata, hadi robo, miruko ikazidi. Mwenzangu anashauri niipitishe grafu ya nguvu hiyo kwenye kichujio cha kuilainisha. Nifanye hivyo?

JIBU: Usifanye hivyo. Miruko kuzidi hatua ya muda inapofupishwa ni jambo la kutarajiwa. Panga likisogea, seli iliyokuwa ndani ya chuma hujikuta ghafla ndani ya maji bila kasi wala kanieneo ya hatua iliyotangulia, na upande wa pili seli ya maji humezwa. Programu inayoihesabu kila seli kuwa ama chuma tupu ama maji matupu huongeza au hupoteza ujazo kwa mkupuo, na kwa kuwa maji yake hayakubali kubanwa, kanieneo hulazimika kuufidia ujazo huo ndani ya hatua moja. Hatua ikiwa fupi, fidia ile ile husukumwa katika muda mfupi zaidi.

Kichujio hakirudishi maji yaliyopotea, wala hakitofautishi mruko wa uongo na mpigo wa kweli unaouchosha mhimili hadi ukavunjika. Nimeletewa ripoti zenye grafu laini ajabu, na nilipoomba takwimu ghafi nikaambiwa zimeshafutwa. Aliyezifuta hatakuwepo siku mtambo utakapofungwa mtoni.

Wengine hukimbilia kuzigawa seli. Miruko hupungua kiasi, kwa gharama ya seli mara 8 kila upana unapopunguzwa nusu katika pande tatu, lakini ukuta wa ngazi hauponi: duara lililochorwa kwa pande za miraba lina mzingo wa mara 4 ya kipenyo badala ya 3.14, hata miraba iwe midogo kama punje za ulezi. Anayejumlisha msuguano juu ya ngazi hizo ameongeza ukuta kwa asilimia 27.

Mbinu ya kuuzamisha mpaka wa kitu ndani ya gridi isiyosogea ilibuniwa na mwanahisabati Charles Peskin mwaka 1972 kwa ajili ya vali za moyo, ambazo ni tishu laini zinazopepea. Kwa panga gumu lenye mhimili mmoja, mimi ningetumia gridi inayofuata umbo lake na kuzunguka nalo. Ukibaki na miraba, seli zinazokatwa na ukuta zihesabiwe kwa sehemu yake yenye maji tu, na vipande vidogo mno viunganishwe na jirani zake.

Kwanza, hata hivyo, igawe kasi ya panga kwa upana wa seli. Ncha inayokwenda mita 2 kwa sekunde juu ya seli za milimita 5 huvuka seli 400 kila sekunde. Miruko ikifuata idadi hiyo, na ikabadilika ukibadilisha upana, imetoka kwenye gridi. Kisha ijaribu programu yenyewe: isogeze silinda kwa kasi moja katika maji yaliyotulia, halafu isimamishe na uyatiririshe maji kwa kasi hiyo hiyo. Nguvu hizo mbili zisipolingana, fundi asipewe mchoro wowote.