Re: Nati zinalegea baada ya kufunga rimu mpya

Habari ndugu. Nimekuelewa: umefunga rimu mpya za alumini, siku ya pili usukani unatetemeka, na ukijaribu spana nati zinazunguka kirahisi. Usiendeshe hivyo hata safari fupi, studi (boliti zinazofungwa nati) zinaweza kukatika.

Anza na nati zenyewe. Je, umetumia zile za rimu za zamani? Mimi ndipo niliponasa. Nati zangu zilikuwa na kitako cha mviringo kama gololi, matundu ya rimu mpya yalikuwa ya koni. Zilikaza vizuri kwa mkono, lakini zilishika ukingo mwembamba tu. Nilipofungua nikaona alama inayong'aa kama pete. Tafuta alama hiyo kwako. Ukiiona, nunua nati zinazolingana na rimu.

Kisha piga brashi ya waya kwenye uso wa habu (sehemu ambayo rimu hukaa juu yake). Kutu kidogo tu huzuia rimu kukaa sawa. Nyuzi za studi ziache kavu, usipake grisi.

Kufunga: anza kila nati kwa vidole, ukiruka kwenda ya upande wa pili badala ya kufuata mzunguko. Shusha jeki tairi liguse chini, ndipo ukaze kwa spana ya kupimia mkazo. Kipimo kiko kwenye kitabu cha gari. Magari mengi madogo ni kati ya Nm (nyutoni-mita, kipimo cha mkazo) 80 na 140. Usisimame juu ya spana!

Rudia kukagua baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukikuta studi imevutika au nyuzi zimeliwa, badilisha kabla ya kutembea.